"Matumizi" Ni Nini? Uhakiki wa Istilahi za Programu za Hesabu za Nyumbani

Katika kurasa za namna hii tumezoea kuzijadili istilahi za mahakama, za hospitali, za shule na za karakana. Mara hii tunawaomba wasomaji wetu waturuhusu kuingia mahali ambapo wanaistilahi hawaingii mara kwa mara, nako ni nyumbani, penye meza ile ambayo kila mwisho wa mwezi hukutanishwa mshahara, stakabadhi za dukani, ankara ya maji na daftari la madeni. Katika nyumba nyingi daftari hilo limekwisha kuhamia kwenye kompyuta au kwenye simu, na swali linaloulizwa na wengi ni hili: nichague programu ipi ya kuandikia hesabu za nyumba yangu? Kwa kawaida muulizaji hujibiwa kwa kutajiwa bei, sura na wepesi wa kuitumia. Sisi tunaona kwamba liko swali linalotangulia hayo yote: programu hiyo inaziitaje fedha, na je, kila mtu anayezishika fedha hizo ataelewa zinavyoitwa?

Hoja yetu ni kwamba mtu anayechagua programu ya hesabu anachagua pia msamiati ambao nyumba yake itautumia kuzungumzia fedha. Msamiati ukiwa mbovu, ubovu wake hauishii katika lugha. Huingia katika hesabu yenyewe, na hesabu iliyopotoka huzaa dhuluma baina ya watu wanaokula chungu kimoja. Tutaonyesha jambo hilo kwa kulichunguza neno moja ambalo kila mmoja wetu anadhani analijua, yaani "matumizi", kisha tuyapitie maneno mengine yaliyo karibu nalo, na mwisho tutoe mapendekezo yetu.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Ukifungua takriban programu yoyote ya hesabu za nyumbani iliyotiwa katika Kiswahili, utakuta vichwa viwili: "Mapato" na "Matumizi". Mfasiri aliyeviweka hakukosea kamusi. Maneno hayo ndiyo yaliyotumika kwa miaka mingi katika makisio ya serikali, na hapana mtumishi wa umma asiyeyafahamu. Lakini nyumbani neno "matumizi" lina kazi nyingine. Huku kwetu, mama wa nyumba akiulizwa kwa nini chakula cha mchana kimechelewa, aweza kujibu: "Baba hakuacha matumizi." Hapo hazungumzii fedha zilizokwisha kutumika. Anazungumzia fedha ambazo zingeachwa mezani asubuhi ili zitumike baadaye. Kwa mhasibu, matumizi ni fedha zilizokwisha kutoka. Kwa watu wa nyumbani ni fedha zilizokabidhiwa. Kati ya kukabidhiwa na kutoka upo umbali wa siku nzima, tena yupo mtu mzima aliyepewa amana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bwana mmoja, mtumishi wa serikali, ameweka programu ya hesabu katika simu yake. Kila asubuhi anamwachia mkewe shilingi 15,000, na kila asubuhi anaandika: "Matumizi, 15,000." Baada ya siku 30 programu inamwambia kwamba nyumba yake imekula shilingi 450,000. Bwana anashtuka. Anajiona kuwa mtu makini, kwa maana hakuruka hata siku moja, na takwimu iko mbele ya macho yake. Anamwita mkewe, anamwonyesha, anasema kwamba nyumba hii inakula mno, na kuanzia kesho ataacha shilingi 12,000.

Hebu sasa tulitazame jambo hilo kwa upande wa mama. Sokoni na dukani ametumia kwa wastani shilingi 12,000 kwa siku, yaani 360,000 kwa mwezi. Katika zile 3,000 zilizosalia kila siku, 2,000 amezipeleka katika upatu na 1,000 amezitia katika kibubu. Kwa hiyo mwisho wa mwezi zipo shilingi 60,000 katika upatu na 30,000 katika kibubu. Shilingi 90,000 ambazo programu inasema zimeliwa ni mali ya nyumba hiyo hiyo, tena ni mali iliyopatikana kwa mama kujibana. Bwana anapopunguza matumizi hapunguzi chakula, kwa sababu chakula ni kile kile. Anachokikata ni upatu na kibubu. Mweka akiba ameadhibiwa kama mfujaji, na hati ya mashtaka imeandikwa na neno moja.

Huenda msomaji akasema kwamba kosa ni la bwana, angemuuliza mkewe. Ni kweli kwamba angefanya vema kumuuliza. Lakini tukumbuke kwamba programu ilimpa visanduku viwili tu, fedha zinazoingia na fedha zinazotumika, na kwamba neno lililoandikwa juu ya kisanduku cha pili ndilo hasa neno analolitumia kila siku kwa zile fedha anazoziacha mezani. Alilitii neno. Na neno linalompotosha mtu mwaminifu anayelitii halifai kuitwa istilahi.

UHAMISHO

Hapa ndipo tunapoona kwamba uchaguzi wa programu na uchaguzi wa maneno ni jambo moja. Programu za hesabu za nyumbani, ingawa zina sura nyingi, huweza kutengwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la zile zinazoorodhesha mapato na matumizi, basi. La pili ni la zile zinazomtaka mtu azigawe fedha alizo nazo katika mafungu kabla hajazitumia. Mashuhuri katika hizo ni YNAB, iliyoanza Marekani mwaka 2004. La tatu ni la zile zinazofuata kanuni ya kuandika kila jambo mara mbili, mahali fedha zilikotoka na mahali zilikokwenda. Kanuni hiyo ilikuwa ikitumiwa na wafanyabiashara wa Italia hata kabla mtawa Luca Pacioli hajaieleza katika kitabu chake kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Miongoni mwa programu za kundi hili ni GnuCash, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998 na ambayo hutolewa bure.

Kwa kanuni hiyo ya tatu, fedha anazoachiwa mama asubuhi si matumizi. Ni uhamisho: zimetoka mfuko wa baba, zimeingia mfuko wa mama. Watumishi wa serikali wanalijua neno hili kuliko mtu yeyote. Mwalimu anayehamishwa kutoka Tabora kwenda Lindi hajaacha kazi. Jina lake limefutwa katika orodha moja na kuandikwa katika nyingine, nayo serikali ina walimu wale wale kama jana. Vivyo hivyo fedha zilizohamishwa kutoka mfuko mmoja wa nyumba kwenda mwingine hazijaipunguza nyumba hata senti moja. Zitakuwa matumizi pale mama atakapompa muuza samaki.

Tunapendekeza basi kwamba neno "uhamisho" lishikwe kwa maana hiyo na lisipishwe na jingine. Baadhi ya wafasiri hupenda kutumia "utumaji", kwa sababu ya mazoea ya fedha za simu. Lakini kutuma ni kumpelekea mtu mwingine, na mara nyingi fedha zilizotumwa zimekwenda zisirudi. Mtu aliyemtumia mdogo wake karo ametoa fedha nyumbani mwake. Mtu aliyezitoa benki na kuzitia katika simu yake mwenyewe amehamisha tu. Programu isiyoweza kuyatofautisha mambo hayo mawili itamhesabia mtu fedha zile zile mara mbili.

UPATU KAMA KIPIMO

Tumeutaja upatu, nasi tunauona kuwa kipimo kizuri cha programu yoyote inayotaka kuingia katika nyumba zetu. Wenzetu wa Kenya huuita mchezo huo kwa majina yao, na vyama vyao hufanya kazi iyo hiyo. Wabunifu wengi wa programu hizi wametoka katika nchi ambazo mwananchi wa kawaida huweka akiba benki na hukopa benki. Hawakuwa na sababu ya kuuwazia upatu. Mfasiri anapoufikia hujaribiwa kuutia chini ya "Akiba". Je, upatu ni akiba?

Turudi kwa yule mama. Upatu wake una watu kumi, kila mmoja akitoa shilingi 60,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 600,000. Tuseme zamu yake ni ya tatu. Katika miezi miwili ya mwanzo alichokitoa ni akiba kweli kweli: anawadai wenzake shilingi 120,000. Mwezi wa tatu anatoa tena 60,000 na kupokea 600,000. Tangu siku hiyo upatu umegeuka. Katika zile laki sita, 180,000 ni zake na 420,000 ni za wenzake, naye atazilipa kwa miezi saba iliyobaki. Jambo lile lile, kwa jina lile lile, lilikuwa mali na sasa ni deni.

Programu ya kundi la kwanza itaziandika zile 600,000 kuwa "Mapato", na nyumba itajiona imetajirika. Ikiziandika zile 60,000 za kila mwezi kuwa "Matumizi", nyumba itajiona inafilisika. Yote mawili ni uongo. Programu ya kundi la tatu inaweza kusema kweli, kwa sharti kwamba mwenyewe afungue ukurasa aupe jina "Upatu", jina hilo na si jingine. Ukurasa huo utaonyesha mwezi wa pili kwamba nyumba inadai 120,000, na mwezi wa tatu kwamba inadaiwa 420,000. Hakuna haja ya kulitafsiri neno "upatu", wala kulifafanua, wala kulifunika kwa "mfuko wa akiba ya mzunguko" kama tulivyopata kuona. Lenyewe ni istilahi kamili, nalo limekomaa kwa kutumiwa na watu ambao hawakungoja kamati.

MANENO MENGINE

Hesabu na akaunti. Katika programu za kundi la tatu kila kitu huwa na ukurasa wake: fedha taslimu, benki, chakula, nauli, deni la duka. Wafasiri wengi huuita ukurasa huo "akaunti". Matokeo yake ni "akaunti ya chakula", nalo humfanya msomaji ajiulize ni benki gani inayofungua akaunti za mchele. Neno "akaunti" limekwisha kukaa katika vichwa vya watu kuwa ni kile kinachofunguliwa benki au katika simu, na tunaona ni vizuri likae hapo hapo. Kwa ukurasa wa daftari lipo neno "hesabu", ambalo wenye maduka walilitumia kabla yetu: hesabu ya chakula, hesabu ya nauli, hesabu ya benki. Mtu akisema "niandikie katika hesabu yangu", hakuna mwenye duka asiyemwelewa.

Salio, baki, urari na mizania. Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko lugha ambayo programu nyingi zimetungiwa, kwani Kiingereza hutumia neno moja mahali ambapo sisi tuna manne. Mfasiri asiyekuwa mwangalifu huchukua "salio" akalipachika kila mahali. Salio ni kiasi kilichopo katika hesabu kwa wakati fulani, na ujumbe wa fedha za simu umelieneza neno hilo hata vijijini, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Baki ni kinachosalia baada ya kutoa, kama katika hesabu za shule za msingi. Urari ni kule kulingana kwa pande mbili za daftari. Mizania ni taarifa inayoonyesha mali zote na madeni yote kwa pamoja. Programu inayoandika "salio" mahali pa urari inamwambia msomaji kwamba ana fedha, hali ilikusudia kumwambia kwamba hesabu zake zinalingana. Tena tukumbuke kwamba katika simu neno "salio" hutumika pia kwa muda wa maongezi. Kwa hiyo katika programu za simu ni vema liandikwe pamoja na jina la hesabu yake: "salio la benki", "salio la kibubu".

Fungu na aina. Programu za kundi la pili zinategemea sana neno hili, na wafasiri hutangatanga kati ya "kategoria", "kundi", "aina" na "fungu". Sisi tunaona kwamba yapo mambo mawili yanayochanganywa. Fedha zikigawanywa kabla ya kutumika, kila sehemu ni fungu. Neno hili ni pana ajabu: katika vitabu vya bajeti ya Serikali ya Tanzania kila wizara ina Fungu lake lenye namba, na chini yake kuna kasma, na sokoni mama anayeuza nyanya huzipanga mafungu mafungu juu ya gunia. Kwa hiyo mtu wa wizarani na mtu wa gengeni wote wanajua kwamba fungu ni sehemu iliyotengwa, ina mpaka, na ukiimaliza umeimaliza. Lakini matumizi yaliyokwisha kufanyika yakipangwa kwa kufanana kwake, hayo ni aina: chakula, mavazi, nauli. Fungu huamuliwa mwanzo wa mwezi. Aina hutambuliwa mwisho wake. Programu inayoyaita yote mawili "kategoria" inamnyima mtumiaji tofauti iliyo kati ya azma na tendo, na mtu anaweka hesabu ili aone hasa tofauti hiyo.

Debiti na krediti. Maneno haya yana haki ya kukaa katika vitabu vya uhasibu, wala hatushauri yaondolewe. Lakini nyumbani yanaleta utata ambao hata wasomi huanguka ndani yake. Mshahara ukiingia benki, taarifa ya benki huandika krediti, kwa kuwa kwa upande wa benki fedha hizo ni deni inalodaiwa na mteja. Katika daftari la mteja mwenyewe jambo hilo hilo ni debiti. Mtu asiyejifunza uhasibu atafanyaje? Hapa tunaisifu GnuCash. Kwa kawaida haitumii maneno hayo mawili katika vichwa vya safu zake. Hutumia maneno ya watu kulingana na hesabu yenyewe, kama vile kupokea na kutumia katika fedha taslimu, au kuweka na kutoa katika benki. Atakaye maneno ya wahasibu huyachagua mwenyewe. Huo ni mfano mzuri, na mfasiri wa programu yoyote ya namna hii afuate njia hiyo: ayafasiri kwanza maneno ya watu wa nyumbani, kisha ya wahasibu.

Usuluhishi. Programu nzuri humwezesha mtu kuweka daftari lake ubavuni mwa taarifa ya benki na kutia alama kila mahali panapoafikiana. Wafasiri wameipa kazi hiyo majina ya "usuluhishi" na "upatanisho", na ofisini maneno hayo yamezoeleka. Nyumbani yana kasoro, kwani anayesuluhishwa ni mgomvi. Mke akiambiwa na mumewe, "Njoo tufanye usuluhishi wa hesabu," atadhani ameshitakiwa kabla hajaketi. Tunapendekeza "kulinganisha hesabu". Ni maneno mepesi, nayo yanasema hasa kinachofanyika.

Ada, tozo na makato. Ada hutozwa na kampuni au benki kwa kazi iliyoifanya. Tozo huwekwa na serikali, na baada ya Tanzania kuanzisha tozo ya miamala ya simu mwaka 2021 neno hilo halikuhitaji tena kufafanuliwa kwa mtu yeyote. Makato ni jina la jumla la chochote kinachopunguzwa kabla fedha hazijamfikia mwenyewe. Programu inayozifunga zote katika neno "gharama" inamficha mwananchi jambo ambalo ana haki ya kulijua, yaani ni nani aliyechukua fedha zake.

Kuhusu "bajeti", hatuna ugomvi nalo. Limetoka mbali, lakini kila mwezi wa Juni Watanzania hulisikia Bungeni, na watoto wa shule hulitumia bila kujikwaa. Tunalitaja ili isidhaniwe kwamba tunayapinga maneno ya kigeni kwa sababu ya ugeni wake. Katika kuunda istilahi tumezoea kuuliza neno limetoka wapi: katika Kiswahili chenyewe, katika lahaja zake, katika lugha za Kibantu, au ng'ambo. Kanuni hiyo ni njema, lakini huangalia mlango wa kuingilia tu. Tunaomba iongezewe swali la pili: neno hili linakwenda kwa nani? Istilahi ya hesabu za nyumbani haiendi kwa mhasibu. Inakwenda kwa bwana, kwa mkewe, kwa mama mkwe aliyekuja kutoka kijijini, na kwa mtoto anayetumwa dukani kuchukua unga kwa deni. Neno ambalo mmoja wao halielewi limemtoa katika mazungumzo ya fedha anazozila.

KUHUSU UCHAGUZI WENYEWE

Huenda msomaji asiye mwanaistilahi akauliza: mmesema mengi, lakini nichague ipi? Tutajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, uchaguzi na uanze na swali la uhamisho na la upatu, kabla ya rangi na michoro. Programu isiyojua kwamba fedha zaweza kuhama bila kutumika haifai kwa nyumba yenye mifuko zaidi ya mmoja, na takriban nyumba zote ziko hivyo.

Pili, itazamwe kama inamruhusu mwenyewe kuzipa hesabu zake majina anayoyataka. GnuCash inaruhusu. Hata pale ambapo maelezo yake yako katika lugha nyingine, kurasa zenyewe zaweza kuitwa "Kibubu", "Upatu", "Deni la Dukani", "Karo". Pamoja na sifa hiyo ina upungufu wake. Ni programu ya kompyuta, na nyumba nyingi zina simu tu; tena inamtaka mtu ajifunze kwanza kanuni ya kuandika mara mbili, jambo ambalo si la jioni moja.

Tatu, mtu ahakikishe kwamba anaweza kuzitoa hesabu zake humo katika faili la kawaida la jedwali. Programu hufa. Microsoft Money iliacha kuuzwa mwaka 2009, na Mint, iliyoanza Marekani mwaka 2007, ilifungwa mwaka 2024. Daftari la karatasi haliwezi kufungwa na kampuni iliyolichapa.

Ama kwa yule ambaye hana programu, au zote zimemshinda, tunamwambia kwamba bado hajapungukiwa. Kiswahili kina viambishi ambavyo vinaieleza kanuni ya Pacioli kwa ufupi usiopatikana katika lugha nyingi. Afungue jedwali katika kompyuta, au daftari la mistari, achore safu nne: Tarehe, Zilikotoka, Zilikokwenda, Kiasi. Yule bwana wetu angeandika: zilikotoka, mfuko wa baba, zilikokwenda, mfuko wa mama, 15,000. Na mama angeandika chini yake: mfuko wa mama, samaki, mfuko wa mama, upatu, mfuko wa mama, kibubu. Mwisho wa mwezi wangezijumlisha pamoja, wakaona 360,000 zimeliwa na 90,000 zipo. Mazungumzo yao yangeanzia mahali pengine kabisa.

Wala haya si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye Kiswahili, na jedwali la kukokotolea likiwamo. Waliofanya kazi hiyo walikutana na matatizo yale yale tuliyoyaeleza, wakatoa majawabu, mengine yakapendwa na mengine yakabishiwa. Jambo kubwa ni kwamba walithubutu kuyaweka mbele ya watu.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunapendekeza haya yafikiriwe:

1. Neno "matumizi" lisisimame peke yake kuwa kichwa katika programu za nyumbani. Liandikwe "Fedha zilizotumika". Fedha anazoachiwa mtu ili azitumie ziitwe "Fedha za nyumbani", nazo ziingizwe katika uhamisho.

2. "Uhamisho" litumike kwa fedha zinazotoka mfuko mmoja wa mwenyewe kwenda mwingine, na "utumaji" kwa fedha zinazopelekwa kwa mtu mwingine.

3. "Akaunti" ibaki kwa benki na simu. Kurasa za daftari ziitwe "hesabu".

4. "Fungu" liwe la fedha zilizotengwa, na "aina" liwe la fedha zilizokwisha kutumika.

5. "Salio", "baki", "urari" na "mizania" yasibadilishane mahali.

6. "Upatu" na "kibubu" yaachwe kama yalivyo.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watayapinga baadhi ya maneno haya, hasa la kwanza, kwa kuwa "matumizi" ni neno lililokwisha kushika mizizi. Tutafurahi kupingwa, maadamu anayepinga atafanya jambo moja kabla ya kushika kalamu: alichukue neno analolipendelea, aende nalo nyumbani, alisome kwa sauti mbele ya wote wanaozishika fedha za nyumba hiyo, kisha amuulize kila mmoja ameelewa nini. Majibu yakiwa mawili, neno hilo halijafaa.